Mihail Sebastian na dibaji iliyomtukana



Kila anapotajwa Mihail Sebastian naona watu wanakimbilia shajara yake tu, na ndani ya shajara wanakimbilia kurasa za Mircea Eliade. Wanataka kumkamata Eliade. Haya, na akamatwe, maana makala ya mwaka 1937 ya kuwaunga mkono Walinzi wa Chuma ilitoka gazetini kwa jina lake. Lakini mimi naona tunamdhulumu Sebastian tukimfanya shahidi kwenye kesi ya mtu mwengine. Yeye alikuwa mwandishi khasa, na kesi yake mwenyewe ni ngumu zaidi.

Jina la kuzaliwa ni Iosif Hechter, Myahudi wa Brăila, mji wa bandari kwenye mto Danube, mwaka 1907. Nae Ionescu, profesa wa falsafa wa Bucharest, alikwenda Brăila kusimamia mitihani ya kumaliza sekondari, akamwona kijana huyu ana kitu. Kabla hajatimiza miaka 21 kijana alikuwa anaandika katika gazeti la Cuvântul pamoja na profesa wake. Akasoma sheria, akaenda Paris, akarudi, lakini gazetini ndiko alikojifunza kalamu. Na profesa kwake hakuwa bosi. Alikuwa mfano wa baba.

Sasa njooni mwaka 1934. Sebastian ametunga riwaya, De două mii de ani, yaani kwa miaka elfu mbili. Msimulizi hana jina. Ni mwanafunzi Myahudi anayepigwa na wenziwe chuo kikuu, halafu anakuwa msanifu majengo kwa ushauri wa profesa mmoja, Ghiță Blidaru, ambaye kila msomaji wa Bucharest alimjua ni Ionescu. Mwisho wa riwaya anamjengea profesa huyo nyumba. Nyumba! Na kitabu chenyewe Sebastian alikwishamwomba Ionescu akiandikie dibaji.

Baina ya ombi na jibu Ionescu alikuwa ameshageuka, amewaegemea wale Walinzi wa Chuma. Dibaji ikaja, imeandikwa kwa ufasaha na haina huruma. Kwa ufupi anamwambia mwanafunzi wake kuwa Myahudi anateseka kwa sababu ni Myahudi, hapana dawa, na kwamba Iosif Hechter asijidanganye kuwa ni mtu wa Brăila na wa Danube. Yeye ni Myahudi wa Brăila, basi.

Sebastian akaichapa kama ilivyo.

Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilikasirika, nikasema bwana huyu mwoga. Sisi tunajua dibaji ni nini: mtu mzima anakushika mkono anakuingiza barazani, anasema huyu ni mwenzenu. Ukiona amekushika ili akutoe nje, unamkatalia. Kwa nini hakuitupa?

Mwaka 1935 alijibu kwa kitabu kingine kidogo, Cum am devenit huligan (namna nilivyokuwa mhuni). Humo anaeleza kuwa kuichapa ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kulipiza. Dibaji aliiomba mwenyewe. Kuificha kungekuwa kumlinda Ionescu na aibu ya maneno yake. Na vishindo alivipata kutoka pande zote: Mayahudi wakamwita msaliti, wenye siasa kali za utaifa wakamwita adui, wa mrengo wa kushoto nao hawakumtaka. Hoja yake nimeikubali, ingawa si yote. Kulipiza gani huku, na alipokufa Ionescu mwaka 1940 shajara inatuonyesha mwanafunzi analia? Nadhani aliichapa kwa kulipiza na kwa mapenzi pia, na pengine mwenyewe hakuweza kuvitenganisha.

Mwaka 2009 Marta Petreu alitoa kitabu kizima kuhusu wawili hawa, akionyesha kuwa Sebastian wa Cuvântul naye alikuwa ameambukizwa fikra za mwalimu wake. Wapo waliomjia juu. Mimi sioni sababu. Alikuwa kijana, gazeti lilikuwa la mwalimu wake, aliandika kama lilivyoandika. Kumsafisha kwa kuwa baadaye alidhulumiwa si kumheshimu.

Na alidhulumiwa kweli. Alifukuzwa kwenye uwakili na kwenye magazeti. Januari 1941 Mayahudi zaidi ya 100 waliuawa Bucharest, na yeye yumo mjini anaandika usiku kwa usiku. Kinachonishangaza katika kurasa zile ni udogo wa mambo: kodi ya nyumba, muziki uliopigwa redioni, Kiingereza anachojifundisha. Tamthilia yake Steaua fără nume, nyota isiyo na jina, ilichezwa Machi 1944 kwa jina la kubuni, maana jina lake halikuruhusiwa jukwaani. Akanusurika vita. Tarehe 29 Mei 1945, akielekea kutoa mhadhara kuhusu Balzac, lori likamgonga. Alikuwa na miaka 37.

Shajara ilitolewa Romania kwa siri mwaka 1961 na nduguye, ikachapwa Bucharest mwaka 1996. Na hapa ndipo palipo lalamiko langu. Kwa Kiingereza, ambacho wengi wetu tunamsomea, shajara ilitangulia mwaka 2000, riwaya ikaja mwaka 2016! Miaka 16 wasomaji wamemjua mtu anayepoteza marafiki mmoja mmoja, bila kuijua nyumba aliyokuwa amewajengea. Nawashauri mgeuze: anzeni na riwaya, kisha hicho kijitabu cha 1935, shajara iwe ya mwisho. Mkifika pale anapolia kwa Nae, niambieni kama bado mnamwita mwoga.