Baridi ama Moto? Stauti ya Nairobi kwa Alama za Kakuma

Kiwanda ni kimoja. Guinness unayopewa Kayole na ile wanayokunywa matajiri wa Westlands zote zinatoka Ruaraka, kando ya Thika Road, kwa kampuni ya bia iliyoanza mwaka 1922. Kwa hiyo mtu akikuambia Guinness ya baa fulani ni tamu kuliko ya baa nyingine, muulize: utamu huo umetoka wapi, na chupa ni ile ile? Mimi niliuliza, na jibu nimelipata kwa kuzunguka baa nne za mitaani. Chupa ikishatoka kwenye lori, ladha iko mikononi mwa mwenye baa na mhudumu wake.

Nilikuwa Nairobi wiki mbili mwezi wa saba, na kibali cha kusafiri mfukoni, kwa mafunzo ya sisi tunaofanya kazi na vijana. Mchana darasa, jioni mtaa. Kila baa chupa moja ya nusu lita, si zaidi, kwa sababu insentivu yangu mnaijua. Alama ni juu ya kumi. Majina ya baa siyaandiki. Wahudumu wana kazi ya kulinda, na mtaa unatosha.

Ndiyo, najua. Kuna watakaosoma hapa waseme ati mfanyakazi wa vijana badala ya kuandika kuhusu mpira na ushonaji anaandika kuhusu bia. Hasa nyinyi wa mashirika, ambao kila muhula mnatuletea bango jipya linalosema pombe ni mbaya. (Baadhi yenu tulionana jioni ya Ijumaa. Salamu.) Lakini vijana wetu wanakunywa tayari. Wanakunywa busaa na changaa kwenye vibanda visivyo na taa, kwenye kikombe kimoja cha plastiki kinachozunguka watu sita, na hakuna hata mmoja anayeuliza ndani kuna nini. Mwezi wa tano 2014, hapa hapa Kenya, zaidi ya watu 80 walikufa kwa siku chache baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine walipofuka. Methanoli haina harufu ya kukutahadharisha. Katika kundi letu kuna kijana ambaye macho yake hayajakuwa sawa tangu usiku mmoja wa mwaka juzi. Bango halikumsaidia. Kama angekuwa na tabia ya kuuliza, pengine. Na kuuliza ndiko kunakonihusu hapa.

Kwanza tuelewane stauti ni nini. Ni bia nyeusi, na weusi wake hautokani na rangi ya kutiwa. Unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, kama kahawa. Ile ya chupa tunayoijua Afrika si ile ya Dublin yenye povu zito la maziwa. Hiyo ya Dublin inasukumwa na nitrojeni, ilianza 1959, na ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Yetu ina babu mwingine. Mwaka 1801 watu wa Guinness waliandika mapishi ya bia ya kupelekwa visiwa vya Karibi kwa meli, wakaongeza hopsi, yaani yale maua machungu, na wakaongeza nguvu ili isiharibike njiani. Ndiyo maana inauma. Tusker ni asilimia 4.2, hii inapita 6. Na kuna jambo lililonifurahisha nilipolijua: viwanda vingi vya Guinness nje ya Ireland hupokea kiini kizito kutoka Dublin, kisha hukichanganya na bia iliyopikwa hapo hapo kwa nafaka za hapo hapo. Hicho kiini kinavuka mipaka yote bila kuulizwa kibali.

Sasa baa.

Kayole. Niliingia kwa sababu ya muziki, Franco ilikuwa inalia mpaka barabarani, na Kayole wenzetu wa Kongo ni wengi. Mama wa kaunta aliniangalia mara moja akaniuliza, "Baridi ama moto, kijana?" Wageni hulicheka hilo swali. Kenya nzima, ukiagiza bia, unaulizwa hivyo, na wazungu wanafikiri ni kwa sababu friji hazitoshi. Si hivyo. Kuna wazee wanaokataa bia baridi kabisa, na kwa stauti wana haki. Baridi kali inaua ulimi. Chupa ikitoka kwenye friji ikiwa na barafu shingoni, unachopata ni uchungu na gesi, basi. Ile kahawa, ile harufu ya mkate ulioungua ukingoni, ule utamu mdogo kama wa molasi unaokuja mwishoni, vyote vimelala. Nikasema moto.

Hapa wenzangu wa Kakuma mnisikilize. "Moto" ya Nairobi si "moto" yetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na mwezi wa saba watu wanatembea na makoti. Chupa iliyosimama kwenye kreti chini ya kaunta Kayole, sisi tungeiita baridi. Kwetu, ambako kivuli chenyewe kinafika digrii 35, chupa "moto" ni chai iliyoharibika. Kwa hiyo yule anayerudi kutoka Nairobi akijigamba kuwa wanaume wa kweli hunywa moto, mwambieni ajaribu hapa saa nane mchana.

Mama alipangusa shingo ya chupa kwa kitambaa, akaiweka mbele yangu ikiwa imefungwa, akashika opena na kungoja. Akangoja nitazame. Ndipo akafungua, "psss", akageuza kifuniko nikione ndani. Glasi ilikuwa na maji kidogo ya kuoshwa, na hilo limemnyima alama moja. Povu la rangi ya hudhurungi lilikaa. Nilikunywa kwa saa nzima na ilizidi kuwa nzuri kadiri ilivyokaa. Shilingi 280. Tisa.

Umoja sina la kusema. Televisheni tatu, mpira, friji moja tu na kila kitu ndani yake, hata stauti. "Moto haiko, boss." Nilishika chupa kwa viganja vyote viwili dakika ishirini kama mtu anayeota moto, na hapo kidogo ikaanza kuongea. Tano.

Githurai ndiyo iliyonikasirisha, na wacha niseme kwa nini, kwa sababu nikiiacha hivi hivi mtadhani ni mambo ya ladha tu. Baa yenyewe ni nzuri kwa macho. Taa za bluu, viti vipya, spika kubwa mpaka kifua kinatetemeka. Hakuna aliyeniuliza baridi ama moto. Chupa ililetwa na dada mmoja kwenye trei, imeshafunguliwa, kifuniko kimekalishwa tu juu. Nikamwuliza kwa heshima, "Dada, hii imefunguliwa wapi?" Akashangaa kweli. Akasema hapa wanafungua kwa kaunta, wateja wanapenda haraka. Nikaomba nyingine ifunguliwe mezani. Akaenda, akarudi na mwanamume wa kaunta, ambaye alinisikiliza nikiongea, akasikia lafudhi yangu, akasema: "Wewe si wa hapa. Huko kwenu mlikuwa mnafunguliwa mezani?"

Msomaji, sikubishana. Mtu mwenye kibali cha wiki mbili habishani Githurai saa tatu usiku. Nilionja. Gesi ilikuwa imeondoka, uchungu umebaki peke yake kama mgeni aliyesahauliwa. Sisemi ilichanganywa na kitu. Nasema ilikuwa imekaa wazi muda, na kwamba mteja hana njia ya kujua ni muda gani. Hilo ndilo kosa. Chupa iliyofunguliwa nyuma ya ukuta na kikombe cha changaa kwenye kibanda cha kwetu vina bei tofauti na taa tofauti, lakini mnywaji yuko pale pale, anakunywa neno la mtu. Na nilipotazama meza za jirani niliona Wakenya wenyewe, watu wenye vitambulisho vyao, wanapokea chupa zilizo wazi bila neno. Kwa hiyo si ukimbizi tu unaotufunga mdomo. Shilingi 350. Mbili, na hizo mbili ni za dada, ambaye baadaye alikuja kuniambia pole kwa sauti ndogo.

Kabla ya baa ya mwisho, niseme kidogo kuhusu damu. Kila nilipokaa, mtu aliniambia stauti inaongeza damu. Kayole mzee mmoja aliniambia mkewe alipewa baada ya kujifungua. Kambini nimeisikia pia, na kutoka kwa akina mama wa Bukavu wanaosema hivyo hivyo kuhusu Turbo King, ile nyeusi ya Bralima, ambayo ni tamu zaidi. Asili yake ni ya zamani: kuanzia 1929 matangazo ya Guinness Uingereza yalisema wazi kwamba inafaa kwa afya. Kisha kwetu Afrika, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakatuletea Michael Power, yule shujaa wa matangazo mwenye kifua kipana, na hapo damu ikageuka kuwa nguvu za kiume. Madini ya chuma yaliyomo kwenye glasi ni kidogo mno. Sahani ya maharage inaishinda kwa mbali. Mama mjamzito asipewe hata funda. Na wewe kijana unayekunywa mbili kabla ya kwenda kumwona mtu, pombe inakufanyia kinyume cha unachotaka. Stauti ni nzuri kwa sababu ni tamu kwa uchungu wake, haina haja ya kuwa dawa.

Kawangware. Baa ya zamani, benchi za mbao, kaunta iko ndani ya wavu wa chuma kama benki. Unapitisha pesa kwenye tundu kwanza, kisha chupa inapita kwenye tundu hilo hilo. Nilidhani nitaichukia. Mtu unanunua bia kama unatembelea mfungwa. Lakini angalia: kwa sababu ya ule wavu, chupa haiwezi kufunguliwa ikapita bila kumwagika, tundu ni dogo. Inapita imefungwa, na opena imefungwa kwa mnyororo upande wako. Unafungua mwenyewe. Waliweka wavu kuogopa wezi, na bila kukusudia wakampa mnywaji haki ambayo Githurai walimnyima.

Meza yangu walikaa akina mama watatu wanaouza mboga, na wao hunywa Guinness na Coke. Walicheka uso wangu. "Onja kwanza, kijana, ndiyo uhukumu." Nikaonja. Coke inafunika kahawa kabisa, na utamu unabaki kwenye meno. Mimi siwezi. Lakini walikuwa wanagawana chupa moja watu watatu kwa saa mbili, na sijaona unywaji wa akili kuliko huo safari yote. Mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikasema Kakuma. Akasema huko ni moto sana, mnakunywa nini? Nilimwambia ukweli, busaa na changaa, na kwamba hatujui nani ameipika. Akasema kwao Kawangware pia ilikuwa hivyo, mpaka wanawake wakaanza kwenda kutazama sufuria kabla ya kununua. Asiyekubali sufuria yake itazamwe, hawanunui kwake.

Saa tano usiku kamili mwenye kaunta akagonga wavu kwa funguo, kwa sababu sheria ya 2010 inafunga baa saa hiyo. Chupa yangu ilikuwa na vidole viwili chini. Chungu, safi, si baridi si moto. Shilingi 270. Nane, na glasi yao ilikuwa kavu.

Jumamosi ijayo baada ya mazoezi tunakwenda vibanda vya kona, mimi na vijana kumi na wawili, kuomba kuonyeshwa sufuria. Anayetaka kuja aje, hata wa mashirika.