Kupukutika kwa Seli: Neno na Maana Yake

Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie waliazima kwa Kiyunani neno apoptosisi, yaani kudondoka kwa majani au maua, wapate kuita kifo cha seli kifuatacho utaratibu. Mfasiri aandikaye "kujiua kwa seli" apotosha mambo mawili. Kwanza, seli haina nia. Pili, huishi maadamu yapokea ishara za uhai kutoka kwa jirani zake. Zikikoma, protini za jamii ya BCL-2 zaweza kufungua njia ya mauti, na vimeng'enya viitwavyo kaspasi huikatakata ndani.

Fasiri iliyo bora msomaji wa Kilosa anayo tayari. Katika miombo ya Mikumi, kiangazi kikizidi, miti hupukutisha majani ili mti wenyewe upone. Kitenzi kupukutika chabeba faida hiyo ya mwili mzima. Kasoro yake ni moja: jani huanguka chini, bali seli humezwa na jirani zake. Kasoro hiyo yaelezeka kwa sentensi moja. Lakini mwanafunzi aliyezoea "kujiua" ataelewaje saratani, ambayo hustawi pale seli zilizopasa kupukutika zisipopukutika?