Neno Hili Linakaa na Nani?

Kijana mmoja wa Goma alimwandikia msichana wa Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka, kule kwa petite barrière, ujumbe wa Kiingereza: "You miss me." Msichana akajibu: hapana, na nani amekwambia? Kijana alishinda siku mbili hana hamu ya chakula.

Kifaransa ndicho kilichomponza. Alisomea Kifaransa tangu utoto, na Mfaransa humtanguliza yule anayekumbukwa: tu me manques, yaani wewe umenipungukia. Msichana alisoma Rwanda, ambako serikali iliamua mwaka 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Kiswahili nacho kisingemwokoa. Sisi husema "nimekukumbuka". Ukilipeleka hilo kwa Kiingereza neno kwa neno, msichana atauliza kumbe siku zote ulikuwa umenisahau.

Tulimpeleka kijana kwa mwalimu wetu wa Kiingereza wa jioni. Mwalimu huyu hakuandika ubaoni neno peke yake hata siku moja. Ukimtajia neno jipya, alikuuliza kwanza: "Linakaa na nani?" Kamusi hutaja maneno kama majina kwenye orodha, haisemi nani ameoa nani, na nani hawasalimiani. Yeye alijua ndoa zote za kijiji hicho cha maneno. Nimekutana na wasomi wenye diploma ndefu ambao hawana sikio hilo.

Jioni ile alituandikia "fall in love." Darasa likacheka. Kwetu mapendo humwingia mtu, humshika, hata humteka. Anayeanguka ni mwingine. Katika mji uliojengwa juu ya makoro, yale mawe ya lava ya volkano Nyiragongo, kuanguka ni kuchunika magoti. Kanisani ni vibaya zaidi: ukisikia dada wa kwaya "ameanguka," wazee wamekwisha kuitwa. Mama mmoja wa dawati la mbele, mwuza vitenge, akauliza kama Waingereza huinuka baadaye. Mwalimu alilifikiria swali hilo kwa makini kuliko lilivyostahili, akasema wengine huinuka.

Halafu moyo. Kwao unavunjwa na mpenzi. Kwetu aliyevunjika moyo huenda amekosa kazi, au ameshindwa mtihani wa taifa, au amechoka kujenga upya baada ya lava ya 2002. Mapenzi hayamo kabisa. Ukimweleza Mwingereza kwamba mwajiri amekuvunja moyo, kwa maneno yale yale, atadhani mlikuwa na uhusiano.

Kijana alisubiri kwa adabu mpaka zamu yake. Mwalimu akachukua simu yake, akasoma, hakucheka. Akalihamisha tu "you" kutoka mwanzo hadi mwisho, badala ya "me", akaweka "I" mahali pake, akamrudishia.

"Tuma, mdogo wangu."

Jibu lilikuja kwa Kiswahili kabla hatujafuta ubao: "Basi vuka."