Mkono wa kushoto wa Sandy Koufax

Misimu mizuri ya kuaga ipo mingi katika besiboli. Mwaka 2016 David Ortiz, akiwa na miaka 40, aliupiga mpira ukavuka uzio mara 38, na hilo si jambo dogo. Lakini mimi nikiulizwa ni nani aliyeaga ufundi ukiwa kileleni, namtaja Sandy Koufax, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, na msimu wake wa 1966.

Mtazame akirusha katika filamu za zamani. Mgongo unapinda nyuma kama upinde, kisha mkono wa kushoto unashuka kutoka juu kabisa ya bega. Mitupo aliyoitegemea ni miwili tu. Ule wa kasi ulimtoka vidoleni ukizunguka kinyumenyume. Mzunguko huo huuchelewesha mpira kushuka, ndiyo maana wapigaji waliuona kama unapanda. Ule wa kupinda aliuzungusha kuelekea mbele, ukaja juu kisha ukaporomoka hadi magotini. Mpigaji yuko mita 18 hivi kutoka kwake, na muda wa kuamua haufiki nusu sekunde. Tena wengi walikwisha kumsoma: kukiwa na mkimbiaji kwenye kituo, namna alivyoweka viwiko ilifichua mtupo unaokuja. Walijua, na bado gongo lilipita patupu. Kwangu hapo ndipo ubingwa ulipo.

Na kiwiko chenyewe kilikuwa kibovu. Tangu 1964 madaktari walikuwa wamegundua yabisi katika kiungo hicho. Kabla ya mchezo alipakwa dawa kali ya pilipili. Baada ya mchezo, kiwiko kilitumbukizwa kwenye maji ya barafu. Katikati ya hayo kulikuwa na vidonge na sindano. Mkono ulikuwa haunyooki tena, hata fundi cherehani akalazimika kuufupisha mkono wa kushoto wa koti lake.

Kwa mkono huo, msimu huo wa 1966, alianza michezo 41 na kuimaliza 27 mwenyewe, bila kupokewa na mrushaji mwingine. Alishinda 27, akapoteza 9, akawatoa wapigaji 317 kwa straiki tatu. Tarehe 2 Oktoba, mjini Philadelphia, Dodgers walihitaji ushindi ili wautwae ubingwa wa ligi yao. Koufax alikuwa amepumzika siku mbili tu. Raundi ya tisa wenyeji, Phillies, walifunga mikimbio mitatu. Hakuondolewa, akaumaliza mchezo kwa 6–3.

Fainali waliipoteza kwa Baltimore Orioles, michezo minne mfululizo. Tarehe 18 Novemba akatangaza kustaafu akiwa na miaka 30, kwa sababu alitaka kubaki na mkono unaofanya kazi maisha yake yote. Mwaka 1972 alichaguliwa kuingia Ukumbi wa Heshima wa besiboli akiwa na miaka 36, na hadi leo hajachaguliwa mchezaji mwenye umri mdogo kuliko wake.