Tairi la 315 Halina Kazi Barabara ya Kalima

Video ya jipu lililolala mtaroni barabara ya Kalima mmeiona. Kuanzia Kasuku hadi Mikelenge, na ng'ambo huko Alunguli, sidhani kama imebaki simu ambayo haijaipokea. Kila mmoja ana hukumu yake: huyu anamlaumu dereva, yule mvua, mwingine lori lililotangulia likachimba barabara. Mimi dereva simgusi, na mvua ya Maniema haikuanza mwaka huu. Ile Toyota HZJ79 nyeupe ililala mtaroni kwa sababu ya uamuzi uliofanyika gerejini, siku mwenye gari alipooneshwa matairi manne ya 315/75R16 akayapenda kwa macho.

Kazi nzuri kwanza, maana haina maneno mengi. Gari limeinuliwa sentimita 5 na si zaidi, mikono ya mbele imebadilishwa kwa ile iliyopindwa kiwandani ili kurudisha kasta, fimbo ya Panhard ni ya kurekebishika, bushi ni za mpira. Aliyefunga anajua kazi yake, nampa mkono.

Na hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu mji huu umejaa jipu zilizoinuliwa inchi nne juu ya mikono ya zamani. Nimelisema hili hadi nimechoka. Tangu Toyota walipoweka koili mbele mwaka 1999, ekseli inashikwa na mikono miwili. Ukiinua bodi, mikono inainama na ekseli inazunguka nayo. Fundi yeyote atakuambia unapoteza karibu digrii moja ya kasta kwa kila inchi, na kiwanda chenyewe kilitoa kama tatu tu. Toa nne katika tatu uone unabaki na nini. Halafu wenyewe wanashangaa usukani haurudi baada ya kona, na kwamba wakigonga shimo kwa mwendo wa kilomita 60 magurudumu ya mbele yanatetemeka mpaka wasimamishe gari. Wananunua amotisa mpya ya usukani. Inakufa. Wananunua nyingine. Huyu bwana hakuingia katika mtego huo. Alitoa pesa palipostahili, akasubiri mikono yake ije. Mtu aliyeanza vizuri namna hiyo alikuwa na haki ya kushauriwa vizuri hadi mwisho.

Tuje kwenye tairi. La kiwanda ni 7.50R16, upana wa milimita 215 hivi, kimo cha takriban 805. La 315/75R16 lina upana wa 315 na kimo kinachokaribia 880. Wapenzi wa saizi kubwa wanapenda kutaja kimo, kwa hiyo tukitaje: difu imepanda kwa nusu ya tofauti hiyo, milimita 37. Vidole viwili vya mtu mzima. Kwa vidole viwili hivyo, tazameni alicholipa.

Kwanza, tairi hilo halikai kwenye ringi ya kiwanda yenye upana wa inchi 5.5. Linataka ringi ya inchi 8 kwenda juu, basi ringi zikabadilishwa. Pili, usukani ukikatwa hadi mwisho, ukingo wa ndani wa tairi unagusa mkono. Siku gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki, waliokuwepo waliuona ule mstari mweusi wa mpira juu ya rangi mpya ya mkono wa kushoto, mrefu kama kiganja, na vumbi la mpira limenata kwenye grisi chini yake. Mkono wa gharama, mpya kabisa, umeshaanza kusuguliwa kabla gari halijatoka getini.

Huo ndio wakati ninaoulalamikia. Matairi yalikuwa bado yana vinyweleo vyake, yangeweza kurudishwa dukani asubuhi ile ile. Mstari ule ulikuwa unasema wazi kwamba tairi si la gari hili. Badala yake wakafanya mambo mawili kwa mpigo. Wakafunga spesa za sentimita 3 kila upande ili kusogeza gurudumu nje, na wakazirefusha bolti za kikomo cha usukani ili gurudumu lisikate tena hadi kwenye mkono. Yaani walinunua mikono ya kurekebisha usukani, kisha wakaupunguza usukani ili tairi lisiiguse mikono.

Spesa yenyewe sina haja ya kuieleza kwa muda mrefu. Uzito wa gurudumu unahamia mbali na beringi, bolti zinavutwa kwa namna ambayo hazikutengenezewa, na kila jiwe unalokanyaga linaupiga usukani kwa nguvu zaidi kwa sababu tairi limekaa nje ya mstari wake. Lakini kosa la bolti za kikomo ndilo lililoonekana kwenye video, na nashangaa hakuna aliyelitaja.

Irudieni tena, taratibu. Gari linaingia kwenye mifereji ya malori. Malori yana mapana yake, jipu haliwezi kukanyaga mifereji yote miwili, kwa hiyo gurudumu la kulia liko ndani na la kushoto linatembea juu ya tuta la katikati. Hapo hakuna ubaya, kila dereva wa Kalima anapita hivyo. Kisha la kushoto linaanza kuteleza kurudi mferejini. Dereva anafanya lile linalotakiwa: anakata kushoto, anaongeza mafuta kidogo. Tazameni gurudumu la mbele. Linakata, kisha linasimama katikati, limegota kwenye kikomo kipya. Pembe iliyobaki haitoshi kuuma ukuta wa tuta. Tope linakusanyika mbele ya tairi, linabiringika kama unga wa mkate chini ya kopo, na pua ya gari haigeuki. Nyuma ndiyo inayogeuka. Sekunde chache, mtaroni.

Na kwa nini tope lilikusanyika hivyo? Kwa sababu ya upana. Potopoto ya huku, sehemu nyingi, ina chini yake laterite ngumu. Tairi jembamba linakata uteute wa juu, linafika kwenye ugumu, linauma. Tairi pana linabaki juu ya uteute likisukuma mbele yake kila kilichopo; milimita 315 dhidi ya 215 ni tope karibu nusu zaidi la kusukuma kwa kila gurudumu. Yapo matope yasiyo na sakafu ambako upana unasaidia, sikatai. Ila pale mtaroni walipomvuta kwa kamba mliwaona vijana wamesimama ndani ya lile tope: liliwafika kwenye vifundo vya miguu. Sakafu ilikuwepo. Tairi ndilo lililoshindwa kuifikia.

Injini nayo imeibiwa. 1HZ ni mashine ya kuheshimiwa, lita 4.2 bila tabo, nyutoni-mita 285 zinazopatikana chini kabisa ambako tunazihitaji. Lakini kimo cha tairi kikiongezeka kwa asilimia 9, ile 4.1 ya krauni na pinioni inafanya kazi kama 3.8. Gia ya kwanza ya chini haitambai tena kama zamani, breki zinashika kwa nguvu pungufu, na spidomita ikisema 60 wewe unakwenda 65. Aliyetaka kuyafanya haya kwa usahihi angebadilisha na difu zote mbili. Hakuna aliyemtajia hilo, kwa kuwa tairi lilikuwa zuri kwenye picha.

Picha zinatoka Ghuba, na nina kinyongo nazo. Kule Oman, kwenye mchanga wa Wahiba, tairi pana lililopunguzwa upepo ndilo linalokupandisha tuta. Mchanga hauna sakafu, unataka kuelea. Vijana wa kule wako sahihi kwa nchi yao. Sasa vipuri vinashuka Dubai, vinapanda ndege hadi huku, na pamoja navyo yanakuja mazoea ya jangwani kwa watu wanaoishi msituni.

Mwenye kutaka mfano wa mvua na tope asiende mbali. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mbio za magari za Safari mara tano, 1973 na kisha 1979 hadi 1982, enzi zile mashindano yakiangukia Pasaka katikati ya masika, akiwa na Datsun inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Hata leo, tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, zile mashine kubwa zinapita Naivasha kwa tairi la 205/65R15. Mtasema ni kanuni za mashindano. Ndiyo, na waliozitunga hawakuona haja ya 315. Hapa kwetu, mashindano ya Camel Trophy yalipoletwa Zaire mwaka 1983, Waholanzi walishinda kwa Land Rover Series III fupi, springi za bamba mbele na nyuma, matairi membamba. Na wazee wa mji huu wanaikumbuka HZJ75: bamba pande zote, hakuna mkono wa kunyoosha wala kasta ya kutafuta, na ilifika Kasongo na kurudi ikiwa imebeba kuliko ilivyoandikiwa.

Toyota nao nina neno nao. Tangu 2007 magurudumu ya nyuma ya gari hizi yamekaa ndani kuliko ya mbele kwa karibu sentimita 10 kwa jumla, kwa hiyo la nyuma halifuati njia ya la mbele, linachimba ya kwake. Kwa matairi membamba unaweza kuvumilia. Kwa mapana, nyuma inapanda kingo ambazo mbele imekwisha kuzibomoa. Tena upana wa tairi pamoja na spesa umelipanua gari karibu sentimita 8 kila upande, na madaraja yetu ya magogo hayakupanuliwa kulisubiri.

Halafu kuna kwado. Tairi la 7.50R16 lenye tyubu na ringi yenye pete, kwado yeyote njiani analifungua kwa nyundo na mitarimbo miwili, anaziba, anapampu, unaondoka. Na likikushinda kabisa, saizi hiyo ndiyo ya malori madogo ya Canter, utaipata sokoni. Hilo la 315 lisilo na tyubu likitoka kwenye ukingo wa ringi linataka kompresa yenye pumzi. Kijijini katikati ya njia ya Kalima, kompresa hiyo utaiagiza kwa pikipiki.

Sasa gari limeshavutwa, limeoshwa, mikono haikupinda, ambayo ni sifa nyingine kwa aliyeichagua. Mwenyewe anauliza aongeze nini. Asiongeze. Mikono, Panhard na springi vibaki vilivyo. Arudishe 7.50R16, au akitaka kimo kwa lazima atafute 255/85R16, yenye milimita 840 na ambayo bado ni nyembamba. Bolti za kikomo zirudishwe mahali pake, usukani ukate hadi mwisho. Na spesa zitolewe leo, kabla hazijatoka zenyewe mbele ya daraja.