Guni, Huru, au Shairi Tu? Istilahi za Fasihi na Kazi za Euphrase Kezilahabi

Mwalimu mmoja wa sekondari huko Kimuli, katika Wilaya ya Kyerwa, alituuliza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo. Mwanafunzi wake, aliyekuwa ameazima kwake nakala ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi, aliandika katika insha kwamba kitabu hicho ni "shairi refu". Je, apewe alama au anyimwe? Nagona hutajwa kila mahali kuwa ni riwaya, na mwalimu angeweza kuishia hapo. Lakini alipokisoma tena kitabu, hakuona wapi pa kumkosoa mwanafunzi. Tumeona tumjibu kwa makala, kwa sababu swali lake linatuhusu sisi tunaounda istilahi kuliko linavyomhusu kijana yule.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akafariki Januari 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Mwaka 1974 ulileta riwaya ya Kichwamaji na diwani ya Kichomi. Zikafuata Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), kisha diwani ya pili, Karibu Ndani, mwaka 1988. Nagona ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Tamthilia yake ya Kaptula la Marx ilichapishwa mwaka 1999, na diwani ya tatu, Dhifa, mwaka 2008. Pamoja na hayo aliandika hadithi fupi na tasnifu mbili, ya kwanza ikiwa juu ya riwaya za Shaaban Robert.

Wahakiki wamezoea kuigawa kazi hiyo mafungu: huyu humchambua mwanariwaya, yule humchambua mshairi, na kila mmoja hujifanya kana kwamba mwenzake anazungumzia mtu mwingine. Kwa maoni yetu mgawanyo huo umetupotosha. Kazimoto wa Kichwamaji anahangaika na swali la kwa nini mtu aishi, na mwisho anajiua. Swali hilo hilo linasikika katika mashairi ya Kichomi yaliyotoka mwaka ule ule. Katika Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka linavishwa vazi la siasa za vijiji na Ujamaa. Katika Nagona na Mzingile kisa chenyewe kinapukutika, na swali linabaki likizungukwa na taswira: paa anayeonekana na kutoweka, duara, ngoma kuu. Kwa hiyo mwandishi hakuhama kutoka utanzu mmoja kwenda mwingine. Alikuwa akijaribu chombo baada ya chombo kwa kazi ile ile moja.

Basi istilahi zetu zilimpokeaje? Hapa hatuna budi kukiri kosa. Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliwapa watunzi na walimu kipimo kilicho wazi cha mizani, vina, beti na kituo. Kipimo hicho ni hazina, wala hatuna nia ya kukibeza. Lakini Kichomi kilipotokea, mtunzi wake akieleza katika utangulizi kwamba alitaka kuleta katika ushairi lugha ya kawaida isemwayo na watu, neno lililokuwa karibu kwa wengi lilikuwa "guni". Kwa watunzi wa arudhi, guni ni shairi lililoharibika, lililokusudia kufuata mizani na vina likashindwa. Neno la lawama likageuzwa kuwa jina la aina. Baadaye likaja "masivina", ambalo halina ukali huo, lakini nalo linataja kitu kwa kile kisichokuwa nacho. Ni sawa na kuiita baiskeli pikipiki isiyo na injini. Si uongo, lakini asikiaye hatajua chombo hicho huendeshwaje.

Wanaoishi Kagera wana sababu ya pekee ya kulitilia shaka neno hilo. Huko Karagwe na Buhaya, watambaji wameimba tendi zao kwa enanga, ala ya nyuzi, kwa vizazi vingi. Mugyabuso Mulokozi, mwenyewe mwanariwaya, mtunzi wa tamthilia na mshairi, amezichunguza kwa kina tendi za enanga za Wahaya. Mtambaji haongozwi na vina vya kati na vya mwisho vya pwani. Hushikwa na mapigo ya nyuzi, urudiaji na pumzi ya usemi. Hakuna mzee aliyewahi kuuita utendi huo guni. Kikerewe, lugha aliyozaliwa nayo Kezilahabi, ni ndugu wa karibu wa Kihaya na Kinyambo. Hatusemi kwamba Kichomi kilitoka katika enanga, kwa kuwa mtunzi alisoma pia fasihi ya Ulaya na hakuificha. Tunasema tu kwamba ushairi usio na vina haukuwa mgeni nchini siku ile alipouandika kwa Kiswahili.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Neno "shairi" libaki kuwa jina la jumla. Chini yake pawe na "shairi la arudhi" na "shairi huru", kila moja likiwa na hadhi yake. "Guni" lisitupwe, bali lirudishwe kwenye maana yake halisi: shairi la arudhi lililokosea kanuni lilizojiwekea. Mwalimu atakuwa na neno la kumrekebishia mwanafunzi aliyepoteza mizani, na mfasiri hatalazimika kulitukana shairi kabla hajalifasiri. Kuhusu Nagona na Mzingile, wako wanaotumia "novela", kwa kuwa hakuna kati ya vitabu hivyo kinachofikia kurasa mia. Istilahi hiyo inamfaa mtunza maktaba anayepanga vitabu, lakini kwa msomaji inahesabu karatasi tu. Afadhali tuseme "riwaya", na fasili ya riwaya katika kamusi zetu isidai kwamba lazima matukio yafuatane kama shanga katika uzi.

Kutetea jina si kutetea kila kitu. Mtunzi aliyeomba mwaka 1974 ushairi urudi kwenye lugha ya watu, aliandika baadaye riwaya ambazo watu wengi hawawezi kuziingia bila mtu wa kuwashika mkono. Sentensi za Nagona ni fupi na maneno yake mengi ni ya kila siku. Ugumu upo katika madokezo ya falsafa na dini ambayo mwandishi hakuyafungulia mlango. Hilo ni deni, na mhakiki mwaminifu asilifiche kwa kuuita ugumu huo kina. Hata hivyo deni hilo lisihukumiwe kwa kosa la jina. Mtu akikwama katika Nagona kwa sababu ameambiwa atafute mtiririko wa kisa, aliyemkwamisha ni sisi.

Tunarudi Kimuli. Mwanafunzi apewe alama, kwa sharti moja: aonyeshe kwa mifano ni nini katika kitabu hicho kinachofanya kazi kwa njia ya ushairi, yaani taswira zipi zinarudi, na kila zinaporudi zinaongeza nini. Akishindwa, anyimwe, si kwa kuwa amekiita kitabu shairi, bali kwa kuwa hakuthibitisha. Tena mwalimu ampime kwa kipimo hicho hicho mwanafunzi wa dawati la pili aliyeandika "riwaya" kwa sababu tu ndivyo alivyoambiwa.