Kosa la Ubeti wa Nne

Mliokuwapo Mnarani usiku ule wa malumbano hamna haja ya kuhadithiwa: maudhui yalikuwa uaminifu wa mume na mke, na malenga wetu, aliyeifungua tarbia yake kwa tashbihi ya paa, alikwenda beti tatu pasina kuteleza. Katika ubeti wa nne akamtupa paa, akamshika hua, na hapo ndipo utungo ulipomfia mikononi, ijapokuwa waamuzi hawakutanabahi.

Wanaomtetea husema kwamba kina ndicho kilichomlazimisha. Hoja hiyo haina ithibati, maana paa na hua kila mmoja ni mizani mbili, na wote wawili huishia katika kina kile kile cha “a”. Lau angalimwacha paa mahali pake, si ukwapi wala utao ungalidai kuguswa. Alibadilisha, basi, kwa hiari yake, akidai katika mleo kwamba paa hana mwenza maalumu ilhali hua anaye. Na dai hilo ni batili, kwa kuwa digidigi, paa yule mdogo wa vichaka vya bara yetu, huishi wawili wawili katika milki yao, dume akikifunika kinyesi cha jike kwa chake ili harufu ya mwenziwe isimfikie mgeni, na wataalamu walioipima nasaba ya watoto wa digidigi huko Namibia, wakatangaza matokeo mwaka 1997, hawakumkuta hata mmoja aliyezaliwa na dume wa nje.

Na hua mwenyewe angalifaa mno, lau angaliingizwa kwa mlango wake, nao ni malezi: dume huatamia kwa zamu na jike, na wote wawili huwalisha makinda maziwa ya gole, kazi ambayo digidigi dume hana sehemu nayo. Hoja hiyo ilikuwa mkononi mwa malenga wetu, asiione!

Sauti yake ilikuwa nzuri. Lakini nimekwisha kunena, na nitazidi kunena, kwamba vipaza sauti vimewazoesha waamuzi kupima koo badala ya hoja. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliwajibu washairi wa Lamu kwa mafumbo yaliyosimama bila ya chombo chochote cha umeme, na Ahmad Nassir, malenga wa Mvita, alipoishika tashbihi hakuiachia mpaka aikamue.

Waamuzi walimpa ushindi. Mimi ningalimpa nafasi ya pili.